Majina ya Vilima vya Minnigaff na Lugha Iliyohama Midomoni

Jina lililonisumbua lilikuwa Benyellary. Nilikutana nalo kwenye ramani niliyonunua Newton Stewart, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Uskoti, jioni ya kuamkia siku niliyokusudia kupanda mlima Merrick. Njia ya kwenda huko huanzia bonde la Glen Trool, penye jiwe kubwa lililowekwa mwaka 1929 kumkumbuka Mfalme Robert Bruce na mapigano ya mwaka 1307. Hufuata kijito cha Buchan, hupita kibanda cha wachungaji kilichohamwa kiitwacho Culsharg, kisha hupanda bila kupumzika hadi kilele cha mita 719. Kilele hicho ndicho Benyellary. Merrick wenyewe uko mbele yake, mita 843 juu ya bahari, nao ndio mrefu kuliko milima yote ya kusini mwa Uskoti.

Usiku ule nililisoma jina hilo kwa sauti mbele ya mzee mwenye nyumba niliyolala, naye akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama tunavyocheka sisi mgeni anapotamka neno letu akaliweka uzito pasipostahili. Nitakirudia kicheko hicho, maana ndicho kilichonifanya niandike haya.

Kwa Mwingereza wa leo, Benyellary halina maana. Ni mlio tu. Lakini mtu ajuaye Kigaeli, lugha ya zamani ya Uskoti iliyo ndugu wa Kiayalandi, akilisikia hulitambua papo hapo: Beinn na h-Iolaire, mlima wa tai. Kiungo kile "na h-", ambacho kwa Kigaeli hufanya kazi inayofanana na "wa" yetu, kimemezwa. "Iolaire", tai, imegeuzwa "yellary". Mlima umebaki na tai wake, ila waupandao hawajui kwamba wanamtaja.

Parokia ambamo mlima huo umo inaitwa Minnigaff. Ni parokia kubwa yenye watu wachache, upande wa mashariki wa mto Cree, katika eneo la Galloway. Msomaji wa kwetu asikiapo nyika huwaza ukavu, vumbi na miiba. Nyika ya Minnigaff imelowa mwaka mzima. Chini ni mboji nyeusi ambayo mguu huzama ndani yake, juu ni nyasi ngumu na vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau mwishoni mwa kiangazi, na katikati ya vilima kuna maziwa madogo na matindiga yasiyopitika. Mazao hayastawi sana juu huko. Kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mtu aishiye kwa mifugo hana budi kukipa kila kilima jina, kwa kuwa ndivyo amwelezavyo mwenzake mahali alipopotelea mnyama.

Majina mengi ya vilima hivyo ni ya Kigaeli, ingawa Kigaeli hakikuwa lugha ya kwanza huko. Kilitanguliwa na lugha ya Wabritoni, iliyo jamaa ya Kiwelisi cha leo. Wakaja Waingereza wa ufalme wa Northumbria, waliokuwa na askofu wao Whithorn katika karne ya 8. Na baada yao wakaingia watu wenye mchanganyiko wa Kigaeli na Kinosi. Jina lenyewe la Galloway latokana na Gall-Ghàidheil, yaani "Wagaeli wa kigeni". Watu hao ndio waliozunguka juu ya milima wakiitaja kwa lugha yao, na utajaji wao ndio uliobaki.

Sasa niseme jambo ambalo sikulitarajia. Mswahili huyasoma majina haya kwa wepesi kuliko Mwingereza anayeishi chini yake. Mwingereza hutanguliza kivumishi, nomino ikafuata. Mgaeli hutanguliza nomino kama sisi: mlima mrefu, jiwe kubwa, ng'ombe mweusi. Càrn mòr ni rundo la mawe kubwa, kwa mpangilio huohuo. Ndilo lililozaa Cairnsmore, jina la mlima wa mita 711 unaotazama ghuba ya Wigtown. Herufi "s" iliyoingia katikati haina kazi yoyote katika Kigaeli. Imejipenyeza humo kwa ulimi wa waliokuja baadaye. Lakini mfuatano haukuguswa. Rundo kwanza, ukubwa baadaye.

Ukishaipata kanuni hiyo, ramani huanza kufunguka. Millfore ni meall fuar, kilima kilichofura, baridi. Craiglee ni creag liath, mwamba wa kijivu. "Liath" hutamkwa bila "th", ndiyo maana waandishi wa ramani waliosikia kwa sikio la Kiingereza waliandika "lee". Bennanbrack ni beannan breac, kilele kidogo chenye madoadoa. Dromore ni druim mòr, mgongo mkubwa. Drannandow ni tuta jeusi. Bargrennan ina bàrr, kilele, na grianan, mahali pa kuota jua, neno lililotokana na grian, jua. Katika nchi ambayo mvua hunyesha kama deni lililopita muda wake, mtu aliyepaita mahali "kilele cha kuota jua" alikuwa akitoa habari yenye thamani.

Na tazama jinsi walivyoigawa milima. Sisi wa pwani tuna kilima, mlima, kichuguu, mwinuko, kisha twaanza kupapasa. Mgaeli wa Galloway alitofautisha beinn, mlima wenye kilele; meall, kilichofura kama mkate; maol, chenye upara; creag, mwamba; druim, mgongo mrefu kama wa mnyama aliyelala; cnoc, kilima cha kawaida tu; learg, ubavu unaoteremka; bàrr, sehemu ya juu kabisa; torr, kinundu. Huu haukuwa utajiri wa mapambo. Mchungaji aliyeambiwa kondoo wake wako kwenye learg hakwenda kuwatafuta kwenye druim.

Rangi nazo zina mambo yake. Neno riabhach, linalorudi mara nyingi katika majina ya vilima, kamusi hulieleza kuwa ni rangi ya mabaka au michirizi isiyo dhahiri. Ni neno linalotumika pia kwa ng'ombe. Waliokulia kwenye jamii za wafugaji za Afrika Mashariki watalielewa hilo bila ufafanuzi: aliyezoea kupambanua ng'ombe kwa ngozi huipambanua ardhi kwa maneno yaleyale. Kilima cha riabhach ni kilima kilichovaa ngozi ya ng'ombe wa michirizi, hapa nyasi, pale mawe, pale vichaka. Mfasiri aandikaye "kahawia" ameacha mnyama mzima nje ya mlango.

Wakati mwingine lugha mbili zimepandana. Larg Hill, jirani ya Glen Trool, ina learg, ubavu wa kilima, kisha waliofuata, wasioielewa learg, wakaongeza neno lao la kilima. Katika parokia ya jirani ya Kells kuna mlima uitwao Meikle Millyea: "meikle" ni Kiskoti, maana yake kubwa, nalo limetangulia kwa desturi ya Kiskoti, "Millyea" ni meall liath, kilima cha kijivu, lenye mpangilio wa Kigaeli. Jina moja lina vichwa viwili vinavyotazama pande mbili. Tusiwacheke, kwa kuwa sisi twasema Mlima Kilimanjaro kila siku, na "kilima" imo ndani tayari, hata kama "njaro" inaendelea kuwagombanisha wataalamu.

Merrick ndio ulionikalisha muda mrefu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina latokana na meurach, lenye vidole, kutoka meur, kidole. Na kweli, ukiutazama mlima huo pamoja na ndugu zake, unaona migongo mitano iliyonyooshwa kama kiganja kilicholazwa: Benyellary, Merrick, Kirriereoch, Tarfessock na Shalloch. Kwa Kiingereza safu hiyo imepewa jina lenye maana ya Mkono wa Kutisha. Tuta jembamba linalounganisha Benyellary na Merrick lina jina la Kiskoti, Neive of the Spit, na "neive" ni ngumi. Vidole, mkono, ngumi: vyote juu ya mlima mmoja, kwa lugha tatu.

Hapo mtu hutamani kusema kwamba wazo la mkono lilipokezwa kutoka Kigaeli hadi Kiskoti, kutoka Kiskoti hadi Kiingereza, mchungaji kwa mchungaji, kama kijiti cha mbio. Nami nilitamani hivyo nikiwa juu ya hiyo ngumi, upepo ukinisukuma ubavuni. Lakini uaminifu wanilazimisha kusema kwamba inawezekana pia wenye macho waliona kiganja kila kizazi kwa nafsi yao, bila kuambizana. Milima haikubadilika umbo. Hatuna ushahidi wa kuchagua kati ya hizo mbili, na anayechagua kwa sababu moja inapendeza zaidi ameacha historia akaingia kwenye ushairi. Ushairi naupenda, ila nataka nijue ninapouingia.

Lugha hiyo ilitoweka lini? Mwaka 1582 George Buchanan, mwanahistoria aliyeandika kwa Kilatini na aliyekijua Kigaeli mwenyewe, aliandika kwamba sehemu kubwa ya Galloway ilikuwa bado ikitumia lugha yake ya kale. Mwanazuoni W. L. Lorimer, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kulitafsiri Agano Jipya kwa Kiskoti, alikusanya ushahidi mwingine katika makala alizoanza kuzitoa mwaka 1949, akaonyesha jinsi Kigaeli kilivyojikokota huku na huku kusini-magharibi baada ya Buchanan. Katika Carrick, wilaya ya kaskazini ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Galloway, hutajwa mwanamke aitwaye Margaret McMurray, aliyefariki mwaka 1760, kuwa huenda ndiye wa mwisho. Mimi huwa na wasiwasi na hadithi za msemaji wa mwisho. Lugha haifi siku anapozikwa mtu mmoja. Ilikwisha kufa siku alipokosa wa kumjibu.

Kwa wapenzi wa malumbano kuna kisa ambacho siwezi kukiruka. Karibu na mwaka 1500, katika zama za Mfalme James IV, malenga wawili walirushiana beti mbele ya jumba la mfalme, kama walivyorushiana washairi wa Mombasa na wa Lamu zama za vita vya Shela. Mmoja alikuwa William Dunbar, mtu wa mashariki aliyejivunia Kiskoti chake. Wa pili alikuwa Walter Kennedy, mwana wa ukoo mkubwa wa Carrick. Dunbar alimtukana mwenzake kila tusi analolijua, na mojawapo lilikuwa Kigaeli: ulimi wako, alimwambia kwa maana yake, ni wa nyanda za washenzi. Kennedy hakukana. Alijibu kwamba lugha hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa ya kila Mskoti wa kweli, na kwamba ndiyo ya kwanza ya nchi ile.

Jibu hilo ni zuri, na linaniuma. Kennedy alikitetea Kigaeli kwa Kiskoti. Hakuwa na budi, kwa sababu mahakimu wa malumbano yale, yaani mfalme na watu wake, walihukumu kwa Kiskoti. Tungo zake zilizotufikia zote ni za Kiskoti. Kama alitunga kwa lugha aliyoitetea, hakuna hata ubeti uliosalia. Wala hakuna diwani ya Kigaeli ambayo tunaweza kusema bila shaka kwamba ni ya Galloway. Nchi iliyoimba kwa lugha hiyo zaidi ya miaka 600 imetuachia majina ya mahali, na vilima vya Minnigaff vimebeba sehemu nzuri ya urithi huo.

Miaka 15 baada ya kifo cha Margaret McMurray, tarehe 22 Oktoba 1775, alizaliwa katika parokia hiyohiyo ya Minnigaff mtoto wa mchungaji. Mchungaji wa kondoo, nisieleweke vibaya. Nyumba yao ilikuwa Dunkitterick, mahali penye upweke chini ya vilima. Baba yake, Robert Murray, alikuwa mzee wa karibu miaka 70. Mtoto, Alexander, alifundishwa herufi na baba huyo kwa namna ambayo kila mwalimu angefaa kuijua: kitabu cha katekisimu kilichonunuliwa kilionekana kuwa cha thamani mno kuchakazwa na mikono ya mtoto, basi mzee akachukua kijiti cha kichaka cha nyikani kilichoungua, akaandika herufi nyuma ya ubao wa zamani wa kuchania sufu. Ukutani mwa elimu ya Alexander Murray, tofali la kwanza lilikuwa mkaa.

Kijana huyo alijifunza peke yake, huku akichunga, Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kifaransa, na nyingine nyingi zikafuata. Alipopelekwa Edinburgh mwaka 1793, maprofesa waliomjaribu hawakuamini. Alitayarisha toleo jipya la kitabu cha safari za James Bruce wa Habeshi, lililotoka mwaka 1805, akaingia ndani ya lugha za Ethiopia. Na mwaka 1811 ilipofika London barua ya Kigeez kutoka kwa mtawala wa Tigre kwenda kwa Mfalme George III, aliyeitwa kuitafsiri alikuwa yeye, akiwa wakati huo mchungaji wa kanisa kijijini. Safari hii wa kanisa. Mwaka 1812 akawa profesa wa lugha za Mashariki Edinburgh. Mwaka uliofuata, Aprili, akafa, hajatimiza miaka 38.

Kila nikimfikiria Murray narudi Dunkitterick. Hapo palikuwa na mtoto ambaye masikio yake yalikuwa wazi kwa kila lugha chini ya jua. Vilima vyote alivyoviona mlangoni vilikuwa na majina ya lugha iliyotoka katika midomo ya jirani zake karne moja, labda mbili, kabla. Angalizaliwa mapema, angelichunga kondoo akiwa na waisemao. Alisafirishwa na vitabu mpaka Tigre, ilhali lugha ya Benyellary ilikuwa imehama ng'ambo ya kizingiti chake. Mnara wake wa mawe, uliojengwa mwaka 1835, umesimama juu ya kilima kando ya barabara iendayo New Galloway, ukitazama nyumba ile iliyobomoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 wapimaji wa serikali walifika Galloway kuchora ramani kubwa ya nchi. Walikuwa na madaftari maalumu ya majina. Kila jina liliandikwa pamoja na namna mbalimbali za kuliendeleza na majina ya watu waliothibitisha: mwenye shamba, kasisi, mpangaji, mwalimu. Huwa nawawazia wale wapimaji, vijana wa jeshi wengi wao, wamesimama mlangoni mwa mchungaji, mvua ikitiririka kwenye kofia, wakimwomba ayatamke majina ya vilima moja baada ya jingine. Jina likitamkwa linaandikwa, na likishaandikwa halirudi tena. Mwaka 1848, kazi hiyo ilipokuwa ikianza katika jimbo lile, Johannes Rebmann naye alikuwa akiuona Kilimanjaro kwa mara ya kwanza na kuandika daftarini alichoambiwa na wenyeji. Madaftari mawili, mabara mawili, na kasoro ileile: mwandishi haijui lugha ya jina analoliandika.

Baadaye walikuja wafasiri. Mashuhuri kati yao ni Sir Herbert Maxwell wa Monreith, bwana wa Galloway aliyetoa kitabu chake cha kwanza juu ya majina ya mahali pale mwaka 1887, na kingine kikubwa zaidi mwaka 1930. Wataalamu wa baada yake wamemsahihisha mara nyingi, na kwa haki, kwa kuwa alipenda kubahatisha. Mimi namsamehe. Kubahatisha kwake kulihifadhi maswali. Chukua Kirriereoch, kidole cha tatu cha ule mkono. Sehemu ya mwisho ni riabhach, ile rangi ya ng'ombe. Sehemu ya kwanza inaweza kusomwa coire, bonde duara lililochimbwa ubavuni mwa mlima, neno ambalo kwanza lilikuwa na maana ya sufuria. Inaweza vilevile kusomwa ceathramh, robo, yaani robo ya ardhi iliyotozwa kodi zamani. Kwa usomaji wa kwanza, aliyelitoa jina alikuwa akitazama umbo la nchi. Kwa wa pili, alikuwa akiwaza kodi. Tofauti kati ya mshairi na karani imejificha katika silabi mbili, na waliokuwa wakiijua hawakuiandika.

Siku hizi kuna ubishi Uskoti kuhusu kuyarudisha majina kwenye tahajia ya Kigaeli. Mwaka 2005 bunge lao lilipitisha sheria ya kukilinda Kigaeli, ambacho sensa ya 2011 ilikikuta kikiwa na wasemaji wapatao 57,000 tu. Vibao vya lugha mbili vimeenea kaskazini. Kusini huwasikia watu wakidai kwamba Kigaeli hakikuwahi kuwa lugha yao, basi vibao vya nini? Dai hilo vilima vyenyewe vinalikanusha, na mtu akiniuliza nitampeleka kwenye ramani. Lakini nikiulizwa kama Benyellary iandikwe upya Beinn na h-Iolaire, nasita. Tahajia ya ramani ni mbovu, naam. Ila ubovu huo una historia yake pia: ni athari ya vidole vya wachungaji wasemao Kiskoti ambao walilipokea jina wasilolielewa, wakalitunza miaka 200, 300, kwa kuwa walilihitaji. Lingeandikwa kando, kwa herufi ndogo, ningeridhika.

Pengine nasita kwa sababu nyingine. Kijijini kwa babu yangu mzaa mama kuna kilima ambacho kila mtoto analijua jina lake. Nilipokuwa mkubwa, baada ya kuanza kuyapenda mambo haya, nilimuuliza bibi maana yake. Alikuwa katika mwaka wake wa mwisho. Akafikiri, akasema: "Mjukuu wangu, hilo ni jina tu. Sisi tulilikuta." Nilitaka kumwandama kwa maswali, nikaona kwamba amenipa jibu kamili. Walilikuta, wakalibeba, wakanikabidhi. Sasa lipo kwangu, zima, halina maana, na sijui nimkabidhi nani.

Nirudi kwenye kicheko. Usiku ule Newton Stewart nilikuwa nimelitamka jina kwa desturi ya Kiswahili, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Benyel-LA-ri. Mzee akacheka, akanisahihisha: Ben-YEL-lari. Nikamwomba anisomee na mengine, nikimwonyesha kwa kidole. Akasoma: Craig-LEE. Mill-FORE. Cairns-MORE. Curley-WEE. Kila mara uzito aliuangusha upande wa pili wa jina, kwenye sifa, si kwenye aina ya kilima. Majina ya Kiingereza ya nchi hiyohiyo hayasemwi hivyo. Hata mji wetu ule aliuita NEW-ton, mkazo mwanzoni. Nikamuuliza kwa nini. Akainua mabega: ndivyo yalivyo.

Ndivyo yalivyo katika Kigaeli. Penye nomino na kisifu chake, mkazo huangukia kisifu: creag LIATH, meall FUAR, càrn MÒR. Na "iolaire" yenyewe hukazwa mwanzoni, IO-laire, pale hasa alipoweka mzee YEL. Wapimaji waliziharibu herufi, Maxwell alibahatisha maana, "na h-" ilimezwa, lakini pigo la sauti halikusogea hata silabi moja. Mzee yule hakujua neno la Kigaeli hata moja. Alinimiminia chai, akaniambia kesho kutakuwa na ukungu juu, nisiende mbali na ukuta wa mawe, kwa kuwa unafika mpaka kileleni pa Benyellary. Akalitamka tena, sawasawa.